Sekunde nne pale Irente

Redio yangu ya ridhaa, ile ya kuwasiliana na watu wa mbali kwa kupenda tu, ilikuwa nzima, waya wa antena mzima, betri imejaa, hali ya hewa safi kabisa, na mi nilikaa pale Irente juu ya Lushoto toka saa nane mchana mpaka karibu saa kumi na moja jioni naita watu na hakuna hata mmoja aliyenijibu. Masaa matatu. Wanaopajua Irente wanajua vile mwamba unakatika ghafla na chini unaiona tambarare yote ya Mazinde na Mombo imetandazwa kama mkeka, yaani kwa mtu wa redio hapo ndo mahali penyewe, hakuna kitu mbele yako kinachozuia mawimbi. Nilikuwa nimesimamisha fimbo ya faiba, nimepandisha waya, nimekaa kwenye jiwe na laptopu mapajani, na najiuliza nimekosea wapi.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba nilikuwa nawaona. Wanaotumia FT8, ule mtindo ambao kompyuta zinatumiana ujumbe mfupi kwa milio kupitia redio, wanaijua wotafoli, ile picha ya mawimbi inayoshuka polepole kwenye skrini kama maji. Kwenye 14.074 MHz siku ile ilikuwa imejaa mistari mpaka imebanana, kila mstari ni mtu mmoja mahali fulani duniani anaongea, na upande wa pili lile dirisha linalotakiwa kuandika nani kasema nini liko tupu. Tupu kabisa. Ni kama kusimama nje ya ukumbi wa harusi unaona kupitia dirishani watu wanacheza ila muziki husikii.

Nikampigia Mzee mmoja wa redio wa Mombasa, ambaye mambo mengi ya redio ya ridhaa kanifundisha yeye kwa simu miaka yote hii.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mwanangu, uko mlimani? Wapata watu?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo alafu akauliza, "Saa yako yasemaje?"

"Saa iko sawa Mzee, redio ina GPS ndani, nimeicheki."

"Sijauliza saa ya redio. Nauliza saa ya kompyuta."

Sasa hapo ndo somo lenyewe lilipo, na naliandika kwa urefu kwa sababu nimeona vijana wengi wanaoanza wanaangukia hapo hapo nilipoangukia.

Redio yangu ni Icom IC-705, ile ndogo ya kubeba begani iliyotangazwa 2019 na kuanza kuuzwa 2020. Ina kilo moja na kidogo, inatoa wati 5 kwa betri yake na wati 10 ukiipa volti 13.8 kutoka nje, ina wai-fai, ina blututhi, ina GPS, ina mahali pa memori kadi. Ukiiona skrini yake na saa iko pale juu unaamini kabisa kwamba mambo ya muda yameisha. Lakini FT8 haisomwi na redio, inasomwa na programu iliyo kwenye kompyuta, na ile programu haijui wala haijali saa ya redio inasema nini, inaangalia saa ya kompyuta basi. Redio kazi yake hapo ni kupitisha sauti tu. Kwa hiyo unaweza kuwa na redio yenye muda wa setilaiti umeiunganisha na laptopu yenye muda wa hovyo, na anayeamua usikie au usisikie ni laptopu.

Na laptopu yangu ilikuwa haijaona intaneti siku tatu. Saa za kompyuta nyingi zinaendeshwa na kipande cha kwatsi cha kawaida, na kwatsi ya kawaida ikikosea sehemu 20 katika milioni, ambayo kwenye karatasi inaonekana si kitu, kwa siku nzima inakuwa kama sekunde 1.7. Zidisha kwa siku tatu. Mi yangu ilikuwa imebaki nyuma kama sekunde nne.

Sekunde nne kwenye maisha ya kawaida ni nini? Hata daladala haikuachi kwa sekunde nne. Ila FT8 iligawa dakika vipande vinne vya sekunde 15, yaani 00, 15, 30 na 45, na kila mtu duniani anaanza kutuma kwenye alama hizo, huyu anatuma yule anasikiliza, kipande kinachofuata wanabadilishana. Ujumbe wenyewe unachukua sekunde 12.64 na unaanza nusu sekunde baada ya kipande kufunguka. Ndani yake kuna sauti 79 fupi fupi, kila moja ina sekunde 0.16, na kati ya hizo 21 hazibebi habari yoyote, ni alama tu saba mwanzo, saba katikati na saba mwisho, ili anayepokea ajue ujumbe umeanzia wapi. Programu inatafuta zile alama karibu na pale inapotegemea zianzie, inaruhusu kupishana sekunde mbili na kitu, zaidi ya hapo haitafuti. Kwa hiyo wale watu wote niliokuwa nawaona kwenye wotafoli walikuwa wanagonga mlango muda ambao kwangu nimeshafunga au bado sijafungua, na mi nikiita, kwao nasikika kama kelele tu.

Walioitengeneza ni Steve Franke na Joe Taylor, mwaka 2017, herufi F na T ni za majina yao, na huyo Taylor ndo yule aliyepata Nobeli ya fizikia 1993 kwa kazi ya palsa, zile nyota zinazopiga mapigo kama saa. Hiyo mi naiona inapendeza sana, mtu aliyetumia maisha yake kusikiliza saa za angani ndo katuletea mtindo wa mawasiliano unaokutaka uheshimu sekunde.

Basi Mzee akanielekeza. Nikawasha hotispoti kwenye simu, nikaunganisha laptopu, nikaenda kwenye setingi za saa nikabonyeza isawazishe. Bando langu lilikuwa limebaki kidogo nikaogopa, kumbe hakuna la kuogopa, ombi moja la NTP ni baiti 48 tu, umeshatumia zaidi ya hapo kwa kutuma neno "poa". Kipande kilichofuata, dirisha likajaa. Sitii chumvi, mistari kumi na kitu kwa mara moja, Italia, India, Urusi, Oman, Afrika Kusini. Nikashika kichwa. Wote walikuwepo tangu saa nane.

Jua lilikuwa linashuka na betri imeshuka nalo kwa kuita kule kote, nikapata mtu mmoja tu kabla haijazima. Nikafungasha nikashuka.

Nimesema NTP kama vile kila mtu anaijua. Ni utaratibu wa kompyuta kuulizana saa ngapi, na uzuri wake ni kwamba haikubali jibu hivi hivi, inapima swali limechukua muda gani kwenda na jibu muda gani kurudi, inakadiria ucheleweshaji wa njiani na kuutoa. Aliyeianzisha ni David Mills, maelezo yake ya kwanza rasmi yalitoka 1985, na Mills naye alikuwa mtu wa redio ya ridhaa, alama yake ya kuitwa redioni W3HCF. Alifariki Januari 2024. Kila simu ya mkononi Tanzania inayoonyesha saa sahihi ina mkono wake mahali fulani, na nadhani watu wa redio tungetakiwa kumtaja mara nyingi zaidi.

Nilivyorudi Tanga nikaamua nisafishe mambo yote ya muda mara moja, kwenye kompyuta na kwenye redio, na hapo ndo nikaingia kwenye famiwea, ile programu iliyolala ndani ya redio yenyewe. Redio niliinunua mkononi kwa jamaa aliyekuwa anaishi Ujerumani na toka niipate sijawahi kuiapdeti. Naelewa kwa nini watu wanaogopa, mi pia niliogopa, redio ya hela nyingi hivi ikifia katikati ya apdeti nitampelekea nani hapa? Lakini IC-705 si redio ya zamani ya koili na transista ambayo imetoka kiwandani imekamilika. Chini ya 25 MHz inachukua mawimbi kutoka kwenye antena inayageuza namba moja kwa moja, na kuanzia hapo kila kitu ni hesabu, filta ni hesabu, sauti unayoisikia ni hesabu. Kuiacha na famiwea ya siku iliyozaliwa ni kukataa marekebisho ambayo walioitengeneza wameshayafanya.

Nilivyofanya ni hivi. Kwanza memori kadi niliifomati ndani ya redio yenyewe ili itengeneze folda zake. Pili nikahifadhi setingi zangu zote kwenye kadi, hii usiiruke hata kama una haraka. Alafu nikapakua faili kwenye tovuti ya mtengenezaji, siyo kwenye grupu la WhatsApp wala kwa rafiki, tovuti ya mtengenezaji tu. Faili linakuja limefungwa, lazima ulifungue kwanza, ndani unakuta lenye mkia wa .dat, hilo ndo unaliweka kwenye folda iliyoandikwa IC-705. Najua wawili waliopiga kelele kwamba redio haioni apdeti, wote walikuwa wameweka lile lililofungwa. Baada ya hapo menyu, SET, SD Card, Firmware Update, inakuonya, unakubali kwa kubonyeza na kushikilia, inaanza.

Kuhusu umeme niseme kidogo. Usiku ule mi nilikuwa nimekaa mezani na pawasaplai ya ukutani imechomekwa, kidole kiko tayari kubonyeza, na umeme ukakatika mtaa mzima. Ungechelewa kukatika dakika moja tu, apdeti ingekuwa katikati. Nilikaa gizani moyo unanienda mbio, nikawaza ingekuwaje. Tangu siku ile sifanyi apdeti kwa umeme wa ukutani peke yake, nachaji betri ya redio mpaka ijae, alafu naipa na betri kubwa ya sola kutoka nje, hivyo kimoja kikigoma kingine kipo. Apdeti yenyewe ni dakika chache, ila hizo dakika chache usiguse kitu, hata ukiona skrini imetulia. Itajizima na kujiwasha yenyewe. Ukimaliza nenda kwenye Version uone namba zimebadilika kweli.

Sasa kuna kitu kilinichukua muda kukielewa, famiwea na saa ni ndugu. Nina kifaa cha GPS cha zamani cha mkononi, cha kutembelea porini. Ukikiwasha leo kinakuambia tarehe ya karibu miaka 20 nyuma, lakini dakika na sekunde ziko sawasawa. Nilidhani kimekufa. Kumbe setilaiti za GPS zinahesabu wiki kuanzia tarehe 6 Januari 1980, na kwenye ujumbe wao wa asili namba ya wiki ina nafasi ya kufika 1023 tu, ikifika hapo inarudi sifuri. Imerudi sifuri Agosti 1999, ikarudi tena Aprili 2019, na itarudi tena Novemba 2038. Setilaiti haikuambii huu ni mzunguko wa ngapi, hiyo ni akili ambayo kifaa kinatakiwa kuwa nayo chenyewe, na akili hiyo inakaa kwenye famiwea. Isipoapdetiwa, kifaa kinapokea muda sahihi wa setilaiti na bado kinaishi mwaka ambao wengine tumeshautoka.

Na kuna hizi sekunde 18. Muda wa GPS hauongezi zile sekunde za ziada ambazo UTC, ile saa ya pamoja ya dunia nzima, imekuwa ikiongeza kufuata mzunguko wa dunia, ya mwisho iliongezwa usiku wa kuamkia 2017, kwa hiyo leo GPS iko mbele ya UTC kwa sekunde 18. Setilaiti inatangaza hiyo tofauti, ila inaitangaza mara moja ndani ya ujumbe mrefu unaochukua dakika 12 na nusu kuzunguka wote. Ndo maana kifaa kilichozimwa muda mrefu, ukikitoa nje ukaona kimeshika setilaiti, kipe robo saa ya utulivu kabla hujaiamini sekunde yake. Mi siku hizi kitu cha kwanza nikifika mlimani ni kuwasha redio na kuiweka mahali inapoona anga, ndo niende kuhangaika na waya.

Wai-fai nayo. Kama una mtandao, 705 inaweza kuuliza saa kwa NTP yenyewe, unaiunganisha na hotispoti ya simu, unaenda Time Set, Date/Time, unabonyeza NTP TIME SYNC. Kama redio haiioni kabisa hotispoti yako usihangaike kubadili paswedi, redio inatumia masafa ya 2.4 GHz tu na simu nyingi mpya zinarusha 5 GHz. Badilisha kwenye simu, itaonekana.

Ila hapa nina kosa lingine la kuwaambia na hili lilinigharimu zaidi ya lile la mlimani. Ile saa ya redio inahitaji ujue uko mbali kiasi gani na UTC, sisi ni +3:00. Redio yangu ilikuwa na +1:00 ya Ujerumani na mi sikuangalia. Nikaisawazisha kwa NTP, nikaona saa imekuja iko nyuma ya saa ya ukutani, nikasema sawa, hiyo ni UTC, maana UTC iko nyuma yetu. Nikaanza kuandika kwenye daftari mazungumzo yangu ya sauti kwa saa ile. Wiki nzima. Watu 23. Kumbe redio iko nyuma masaa mawili na siyo matatu, kwa hiyo kila nilichoandika kiko mbele ya UTC kwa saa nzima, na ukipeleka kwenye LoTW, lile daftari la mtandaoni la kuthibitisha mawasiliano, mfumo unalinganisha muda wako na wa mwenzako, mkipishana zaidi ya dakika 30 hamjuani. Watu 23 niliowasikia kwa masikio yangu wakinipa ripoti, na kwenye rekodi ikawa kama hatujawahi kukutana.

Na hapa naomba mnisikilize maana hili silioni likielezwa kwa watu wetu. Sisi tunaoongea Kiswahili tunabeba saa tatu kichwani. Redioni UTC inaandika 14, kwenye simu inaandika 17, mdomoni tunasema kumi na moja. Angalieni hizo namba: 11, 14, 17. UTC imekaa katikati, tatu chini ni saa ya mdomo, tatu juu ni saa ya simu. Mi nilikuwa nageuza mara mbili, kwanza saa ya mdomo naigeuza ya simu, alafu ya simu naigeuza UTC, na njiani napotea. Siku hizi najumlisha tatu kwenye ile ninayoisema kila siku basi. Asubuhi saa moja ni 04:00 UTC. Mchana saa nane ni 11:00. Jioni saa kumi na mbili ni 15:00. Usiku saa tatu unaongeza kwanza kumi na mbili za mchana unapata kumi na tano, ukajumlisha tatu, 18:00. Ile desturi ya kuanza kuhesabu jua linapochomoza, ambayo wageni huwa inawachanganya, kwa mtu wa redio Afrika Mashariki ni njia fupi kuliko saa ya simu.

Babu yangu alikuwa anaseti saa yake ya mkononi kwa redio. Zile pi pi pi za BBC, tano fupi na ya sita ndefu, na alikuwa anajua kwamba saa kamili inaanza pale ile ndefu inapoanza, siyo inapoisha, kidole kimeshikilia kile kichuma cha pembeni anakiachia hapo hapo. Zimekuwepo toka 1924. Sisi watoto tulikuwa tunaambiwa tunyamaze. Sasa naelewa kwa nini, na nikimwona Mzee wa Mombasa anavyosikiliza 14.100 MHz kila asubuhi namkumbuka Babu. Pale kuna vituo 18 duniani vilivyopangiwa zamu ya kutuma mlio na alama yake, kila kimoja sekunde 10, dakika tatu mzunguko umeisha, hakuna anayempanda mwenzake kwa sababu wote wanafuata GPS, na Kenya imo kwenye zamu hiyo kwa alama ya 5Z4B. Mzee akisikia mlio tu hata alama hajaisoma vizuri, anaangalia sekunde, anakwambia huyo ni wa wapi.

Mwezi uliofuata nilipanda tena Lushoto, safari hii upande wa msitu wa Magamba, na mahali nilipokaa simu haikuwa na hata kamstari kamoja ka mtandao. Nilishajiandaa. 705 inaweza kutoa data za GPS yake kwa kebo ile ile ya USB inayoenda kwenye kompyuta, na kwenye laptopu nilishaweka programu ndogo inayozisoma na kurekebisha saa. Hakuna intaneti, hakuna bando, setilaiti inaiambia redio na redio inaiambia kompyuta. Nikaiacha robo saa iangalie anga huku napandisha waya kwenye mti. Baridi ya kule mnaijua, nilikuwa nimevaa sweta mbili.

Nikafungua FT8 nikaangalia kitu kimoja kabla ya vyote, ile safu ya DT, inayokuonyesha kila mtu kapishana na saa yako kwa kiasi gani. Ukiona karibu wote wana namba ile ile, tuseme wote 1.5, tatizo siyo wao, ni saa yako iko mbele, wakiwa wote kwenye hasi basi uko nyuma. Mi nilikuta 0.1, 0.2, 0.0, 0.1, hasi 0.1. Niliziangalia zile namba muda mrefu.

Alafu nikaita kwa wati 5. Kipande cha pili akajibu mtu wa Oman, alama inaanza na A4, akanipa hasi 14, yaani ripoti ya jinsi anavyonipata, nikampa hasi 9, akamaliza na 73, kwaheri ya watu wa redio. Kwenye daftari nimeandika 14:52 UTC. Mama akapiga nilipofika kwenye mtandao akauliza toka saa ngapi hupatikani, nikamwambia saa kumi na mbili kasoro dakika nane nilikuwa naongea na Oman.